Skafu ya Rodah Kwenye Mgongo wa Kiti

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Sifa nyingi huwa najiwekea mwenyewe, kwa sababu nazistahili. Lakini Bilhah, mke wa mpwa wangu Kimeli, lazima nimpe zake.

Huyu tulimtoa Kisii tukamleta hapa Sosiot. Mchana anachuma majani chai, mpaka kidole gumba kimekuwa cheusi kama cha fundi wa baiskeli. Jioni anasugua mikono na limau, anakaa karibu na jiko, anatoa uzi na sindano ya kufumia. Anafuma huku akikemea watoto, na mkono hata hauangalii. Mimi nilijaribu mara moja. Nilifunga fundo moja zuri sana, na mpaka leo hakuna aliyeweza kulifungua.

Baridi ya mwezi wa sita ilipokuja, alianza skafu ya rangi ya damu ya mzee, yenye maua madogo meupe na matamvua huku na huku. Ilikuwa ya Rodah, dada yangu mkubwa, mama mkwe wake. Bilhah alitaka kitu kimoja tu: Rodah aivae kanisani, akina mama waone kwamba huyu aliyetoka mbali amemvisha mama yake.

Alipoimaliza aliikunja, akaiweka kwenye kiti cha Rodah, akatoka bila kusema neno. Ana haya mbele ya mama mkwe.

Hapo ndipo alipoharibu. Nyumba zetu mnazijua: kiti kina kitambaa, meza ina kitambaa, hata redio inavaa kunishinda mimi. Rodah akiona kitu kimefumwa, atafikiria shingo kweli? Aliitandaza kwenye mgongo wa kiti, akanyoosha matamvua, akarudi nyuma kuitazama.

Jumapili ikaja, ikaja nyingine. Rodah alienda kanisani shingo tupu, na Bilhah nyuma yake kama mtu aliyenyimwa chai.

Siku moja nikafika, nikakaa, nikaegemea.

"Mathew! Toa hicho kichwa chako cha mafuta hapo!"

"Dada, hii si ya kiti. Ni ya shingo."

"Wewe na darasa lako la sita, unajua nini mambo ya kufuma?"

"Darasa la sita nilikaa miaka miwili. Wengine walipita tu."

Bilhah alikuwa analeta chai. Nikamgeukia. "Mama Judy, sema! Ama mama mkwe wako ni hiki kiti?"

Akaweka birika chini. Sauti ikatoka ndogo.

"Mama, ilikuwa yako. Ya kuvaa."

Rodah akashika matamvua. "Na vile nimefukuza watu kwa hiki kiti! Hata pasta nilimkalisha kwa stuli." Akamwangalia. "Mbona hukusema, mtoto wangu?"

"Niliona umeipenda hapo."

"Nimeipenda, ndiyo. Sasa ikiwa shingoni nitaiona aje? Hapa naiona nikiamka, naiona nikikula." Akaitoa kwa kiti polepole, akainamisha kichwa. "Haya, nifunge. Kaza kidogo, kuna baridi."

Jumapili iliyofuata tulichelewa ibada sisi sote. Rodah alisimama kila lango kusalimia watu, hata wale aliokosana nao, na kila mara akimvuta Bilhah kwa mkono aje mbele: "Ni huyu. Njoo umsalimie."