Kindi wa Mti Mkavu

Siku yangu ya kwanza kazini, nyapara alinipa mkebe wa rangi nyekundu na brashi, akanionyesha ukanda wa msitu kando ya mto, chini ya mashamba ya chai. Kazi yangu ilikuwa kutia alama miti iliyokauka, ikatwe iwe kuni za boila, lile tangi kubwa la kiwandani ambalo mvuke wake hukausha majani ya chai. Mti mbichi haukuguswa.

Nyapara huyo alitoka upande wa Kisii, mtu wa maneno machache. Aliniambia nigonge shina, nisikilize, ndipo nipake rangi. Habari za kindi hakunieleza. Hao niliwajua mwenyewe polepole. Ni wadogo sana, mwili mzima unatosha kiganjani, wana mistari mgongoni, na hupanda na kushuka wakitafuta wadudu kwenye magome.

Mwaka wa tatu nilikosea. Nilitia alama mti wenye tundu bila kulichungulia. Siku ya kukata, msumeno ulipowashwa tu, kindi akatoka tunduni na mtoto mdomoni, akakimbilia mti mwingine. Nilijua huenda kuna wengine ndani. Nikaenda nikasimama mbele ya shina.

Msumeno ukazimwa. Nyapara akaja na simu sikioni, dereva wa lori akiuliza kuni ziko wapi. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na kazi ya mkataba. Nikakiri kosa ni langu.

"Sasa Mama Kibet, unataka tungoje nini?"

"Huyu mama ahamishe watoto wake, mzee. Hatakawia."

Alilitazama lile tundu, kisha akamwambia dereva aanze na kuni za upande wa juu. Akaketi kwenye gogo. Kindi alirudi, akatuangalia, akatoka na wa pili. Akarudi tena, akakaa ndani kitambo, akatoka mdomo mtupu. Alikuwa anahakikisha tu.

"Amemaliza," nyapara akasema, na mti ukakatwa.

Tangu hapo, kila mti wenye tundu tuliuangalia siku mbili kabla ya kuupaka rangi.

Nilistaafu mwaka jana, niko nyumbani Sotik na ng'ombe wangu wawili, na nimetosheka. Miti niliyoitia alama iliungua zamani, na chai yake watu walishainywa. Nyinyi mnaoanza kazi, semeni mmekosea wakati kosa bado linarekebishika. Mimi niliogopa, nikasema, na nikazeekea kazini.