Firigisi ya Pascal

Asubuhi ile, nyuma ya maabara ya chuo pale Bukavu, Ghislaine, mtunza kuku wa maabara hiyo, alimchinja kuku aliyemlea mwenyewe tangu kifaranga. Wenzake wa kundi lile walikwisha kufa kwa kideri; huyu ndiye aliyebaki.

Maabara ilikuwa imeshanakili jeni moja ya kuku wa kienyeji. Jeni hiyo hutengeneza kipokezi, kitu kidogo kinachokaa ndani ya kiini cha seli kikingoja homoni ifike, kisha kinaamsha jeni nyingine. Sasa walitaka kujua inafanya kazi katika viungo gani. Lakini ujumbe ambao jeni hutoa ikiwa kazini huharibika upesi kwenye joto, kwa hiyo kila kiungo kilipaswa kuingia kwenye barafu mara tu kinapotolewa.

Papa Apollinaire, mkuu wa maabara, alikuwa akifunga vichupa.

“Ini, figo, moyo, utumbo… Maman Ghislaine, firigisi iko wapi?”

Ghislaine alitazama mezani. Haikuwapo.

“Nilitoa, Papa. Na hii mikono yangu.”

“Ao paka ya sentinelle, mulinzi wetu, ilishakula?”

“Musinichekeshe.”

Bila firigisi kazi ingebaki na pengo, na kulea kuku mwingine hadi umri ule ni kuanza upya. Akasimama akiitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Kwao Nyangezi firigisi ni ya baba wa nyumba. Mke akiipoteza, wakwe huitwa. Alipoolewa, mama mkwe alimfundisha: itoe kwanza, ifunike, iweke pahali pa baridi, inzi wasiiguse. Pascal, mumewe, alikwisha kufariki, lakini mikono haikuwa imepata habari.

Akafungua sanduku la barafu, akaondoa vichupa. Chini kabisa, ndani ya bakuli lenye kifuniko, firigisi ilikuwa imetulia, nzima, baridi kuliko vyote.

“Aaa!” Apollinaire akacheka. “Kumbe mulikuwa munaniwekea miye shefu!”

“Apana, Papa. Hii ni ya Pascal.”

Apollinaire aliacha kucheka. Akachukua kichupa kitupu, akakifungua taratibu.

“Basi tumuombe kipande.”

Siku ya majibu waliwasha taa chini ya jeli, bamba laini ambamo ujumbe wa jeni kutoka kila kiungo huonekana kama mstari. Mstari wa ini ulikuwa mnene, wa moyo hafifu. Pembeni kabisa, mstari wa firigisi ulisimama wazi, haukumeguka popote. Ghislaine alivua glavu, akakaa kitini.

Jumapili, baada ya misa, alipika kuku nyumbani. Alitoa firigisi kwanza, akaifunika, kama kawaida. Walipokaa mezani akaifunua, akaikata katikati, akamwekea binti yake Eulalie nusu.

“Maman, hii haiko ya papa?”

“Iko yake,” alisema Ghislaine, akatia nusu yake mdomoni. “Ametupatia.”