Kilichotoka kwa kava ya Bibilia ya Mama Kavata

Wueh! Watu wa Kanyangi, nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Mama Kavata jirani yangu ni polisi wa maadili ambaye hakuna mtu alimwajiri. Msichana akipita na suruali, anamrudisha nyumbani abadilishe. Wiki jana alinipata sokoni nikisoma riwaya ya mapenzi. Kuona watu wawili wamekumbatiana kwa jalada, akaninyang'anya.

"Hii takataka naenda kuchoma!"

Nikamwachia. Utabishana na nani?

Sasa leo tulikuwa na maombi kwake, nyumba imejaa. Pasta akamwambia atusomee Zaburi. Mama akafungua zipu ya ile kava yake kubwa ya Bibilia...

Ikatoka riwaya yangu!

Kumbe anaificha humo, na leo amesahau kurudisha Bibilia. Tena ameweka ganda la mahindi mahali amefika. Karibu mwisho!

Pasta akakohoa. Mama akaangalia sakafu.

Shetani aliniambia nimwaibishe, si uongo. Lakini nikajipata nimesimama: "Pasta, wacha leo nisome mimi."

Tulipomaliza, akanivuta nyuma ya jikoni. Nikajua nimekwisha.

"Mwende, huyu daktari ataoa huyo msichana ama ni mwongo tu?"

"Mama, si ulisema unachoma?"

"Nitachoma nikimaliza. Kwani uko na ingine?"

Aiii! Yaani nimepata mwenzangu wa kusoma!

Kesho asubuhi nampelekea ingine. Sasa niambieni, nivae suruali gani?