Mtende Ulioshibishwa Mbolea

Wageni bado hawajashuka kunywa chai. Mama Maximilla Nangila amepiga magoti kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini Eldoret, mbele ya pipa lililokatwa nusu na kupakwa rangi nyeupe. Ndani yake umesimama mtende wa mapambo, mrefu kumpita. Majani ya chini yamekauka, yana rangi ya gunia. Hayo hayatazami. Macho yake yako kwenye chipukizi la katikati, jembamba, ambalo bado limejifunga.

Amefunga uzi mwekundu kwenye chipukizi hilo na mwingine kwenye jani la kando, nyuzi zote mbili zikiwa kimo kimoja. Leo uzi wa chipukizi umepanda kidogo.

"Iko hai," anasema kwa sauti ndogo. "Mti imekufa haiwezi kusukuma uzi."

Mama Nangila alitoka Kimilili akaja kufua mashuka katika hoteli hii. Mvuke na sabuni vikamharibia kifua, akawa analala ameketi. Mzee Wanyonyi, mtunza maua, alipostaafu, alimwombea nafasi yake. Kifua kikatulia.

Kazi yenyewe ni kuinywesha mitende, kuipangusa majani na kuilisha. Kukiwa na harambee au sikukuu ya taifa, hoteli huombwa iiazimishe mitende hiyo ipambe jukwaa. Mkubwa huu ndio huwekwa karibu na kiti cha mgeni wa heshima.

Mwaka huu wa 1986, sikukuu ya Madaraka ya mwezi wa Juni ilipokaribia, Mama Nangila alitaka ing'are. Akachukua mbolea ya kupandia mahindi, akatia konzi moja kwa kila mtende mdogo. Mkubwa, kwa heshima yake, ukapata konzi tatu.

"Nyumbani tunaweka hiyo kwa mahindi na inafanya vizuri sana," anasema. "Nikaona hii ni kubwa kuliko mahindi, wacha ikule ishibe."

Shambani mvua huisambaza mbolea. Ndani ya pipa haina pa kwenda. Ncha za majani ziliungua, kisha majani yenyewe. Siku ya Madaraka mitende midogo iligeuzwa, upande wenye nafuu ukaelekea watu. Mkubwa ulibaki hotelini. Mmoja wa waandalizi, alipoona majani yaliyoungua, akamuuliza meneja, Bwana Nderitu, kama hoteli yake ina neno na serikali.

Nderitu anasimulia hayo bila kucheka. Ameshaulizia mitende ya plastiki Nairobi.

"Mimi sina ugomvi na Mama," anasema. "Lakini plastiki haili, hainywi, na haiwezi kuniletea maswali. Hii kubwa ikifungua jani kabla ya Jamhuri, tutaendelea. Isipofungua, Mama atarudi kufua."

Mama Nangila anaogopa kurudi huko, na haoni haya kusema. "Kule kifua itanimaliza."

Alikwangua ukoko mweupe wa mbolea juu ya udongo, akatoboa matundu zaidi chini ya pipa, akamwaga maji mengi mpaka yakatoka safi. Mitende midogo sasa inapewa maji ya samadi, mepesi mfano wa chai ya rangi. Mkubwa unapewa maji matupu, kwa sababu mizizi iliyoungua hailishwi.

Kwake kutoulisha ndiyo kazi ngumu kuliko zote. "Ukiona mgonjwa si unataka umpe uji? Kila asubuhi naiona imekonda, na mkono inatafuta mkebe."

Mkebe wa mbolea haupo tena. Amempa Selpha, rafiki yake wa kule kwenye mashuka, akaufiche nyumbani kwake Kimumu. "Nilimwambia hata nikilia asinirudishie."

Sikukuu ya Jamhuri ni mwezi ujao. Jani likifunguka, anapanga kutembea kando ya mkokoteni utakaoubeba mtende mpaka uwanjani, akilikinga na upepo kwa leso yake.

Je, meneja ameambiwa habari za uzi?

Mama Nangila anatazama mlango wa ofisi, kisha anaufunika uzi kwa jani kavu.

"Bado. Huyo pia amelima mahindi. Akifurahi atasema tuiongezee mbolea kidogo."