Mbavu za Ndama

Wiki hii, hapa Goma, nilimkuta mjukuu wangu amemfunga mtoto wake ndani ya mablanketi matatu. Mtoto anakohoa, na pua peke yake ndiyo inaonekana. Nikasema, "Mufungue." Akanijibu, "Nyanya, baridi!" Eh, ndugu yangu, jibu hilo nililisikia kwanza kijijini kwetu Bihambwe, kwenye milima ya Masisi, wakati wa Wabeleji, nikiwa msichana wa miaka tisa hivi.

Nyumba yetu kule mlimani ilinukia siagi na moshi. Asubuhi mama alitikisa kibuyu cha maziwa, shwa, shwa, mpaka siagi ishikane, na mimi nikichoma majani ya harufu nzuri ya kufukizia vyombo vya maziwa, macho yakinitoka machozi. Nyanya, mama yake baba, alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko sala, Mungu amsamehe: ndama. Walilala ndani, karibu na kitanda chake. Kila kukicha, kabla hajatusalimia sisi wajukuu, alipiga magoti mbele ya kila ndama na kumtazama ubavuni. Niliwaonea wivu wale ndama, sikufichi.

Msimu mmoja wa mvua mdogo wangu, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu, alishikwa na kikohozi. Kwetu mtoto wa kikohozi alipakwa siagi kifuani, akafungwa sana, akawekwa karibu na moto, na hakuna aliyeruhusiwa kumfunua. Baridi ya Masisi tuliiogopa kuliko chui. Siku mbili mama alimlinda hivyo. Siku ya tatu mtoto akakataa ziwa, na mama akasema ni usingizi tu.

Nyanya alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuwatazama ndama wake. Akasimama, akasikiliza.

"Ule mutoto anahema mbio. Mufungue."

"Mama, baridi itamuua!" mama akamlilia mkwewe.

"Baridi gani? Mufungue, nakuambia!"

Akalivuta blanketi mwenyewe. Kila mdogo wangu akivuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilibonyea ndani, na pua zake zilipanuka. Mama akashika kichwa. "Ndama ikihema hivi, mi siwezi ngoja kesho," nyanya akasema, na tayari alikuwa anatafuta fimbo yake.

Baba alikuwa malishoni na ng'ombe, kwa hiyo tuliondoka kwenda zahanati sisi wanawake peke yetu. Nyanya alikataa mtoto afungwe mgongoni, kifua kisibanwe. Mama akampakata mikononi, na mimi nikabeba kibuyu cha maziwa na mkeka. Matope yalitufika magotini. Mama alilia njia nzima: "Nilimuficha ndani ya blanketi na mikono yangu mwenyewe." Nami niliogopa sana, nikahesabu hatua ili nisimtazame mtoto.

Kwenye dispansere muuguzi alifunua kifua, akatoa saa mfukoni, akahesabu pumzi.

"Iko nimonia," akasema. "Mumefanya muzuri kufika leo."

"Mi sina saa, na nilijua," nyanya akamjibu. Muuguzi akacheka, lakini sindano ya penisilini alikuwa ameshaitayarisha. Mdogo wangu hakuwa na nguvu hata ya kuilia.

Tukalala hapo, na sindano zikaendelea kila siku. Siku ya tatu mtoto alipoiona sindano tu alipiga kelele kwa hasira, akampiga muuguzi teke, na sisi tukapiga vigelegele. Mama akafunga mizigo: homa imeisha, ng'ombe wanamngoja. Muuguzi akasema sindano bado. Nyanya akaketi mlangoni, miguu ameinyoosha, hakuna wa kupita. "Ndama yangu ya mwaka jana ilisimama asubuhi, magaribi ikakufa. Hatutoke hapa." Tukakaa mpaka sindano ya mwisho.

Leo mlima ule hauna ng'ombe wetu hata mmoja. Kibuyu kilipasuka zamani, na majani yale ya kufukizia, watoto wa siku hizi ukiwatajia wanakutazama tu. Mdogo wangu alizaa saba, akawa mzee, akaota mvi. Tulimzika mwaka jana, na bado ninamsikitikia.

Basi wiki hii mablanketi niliyavuta mwenyewe. Kifua kilipanda na kushuka polepole, mbavu zimetulia. Mafua tu.

"Nyanya, unaangalia nini hivyo?" mjukuu wangu akauliza.

Nilikuwa nimeshapiga magoti bila kujua, uso wangu ubavuni pa mtoto.