Maji Chini ya Kufuli

Hili mkishalisoma mtasema mjomba ameanza tena, wala sitawalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwepo na bado siliamini.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi friji. Mtaa mzima unamwita Baridi. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, na ukutani ameandika nyuzi za joto kwa penseli hadi karibu na dari. Kwake friji haitoki siku iliyopona. Inakaa siku tatu na glasi ya maji ndani, kipimajoto kimetumbukizwa humo, naye anainama nyuma yake, ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, kama daktari. Wateja wakigomba anawajibu, "Bado inadanganya."

Mtu asiyeamini hata friji, mimi nimwamini vipi?

Mwaka huo alinunua gari kuukuu lililokuwa likibeba mikate, akaligeuza nyumba: vitanda vitatu, jiko, sinki, umeme wa jua juu ya paa. Akatualika mimi na rafiki yetu Mwalimu, mstaafu wa hesabu, twende naye siku mbili hadi hifadhi ya mlimani. Tukadhani ni mapumziko. Kumbe chini ya kitanda changu kulikuwa na kifriji alichokiunda mwenyewe, kimepigwa kufuli, ufunguo ameuning'iniza shingoni.

"Kuna nini humo?"

"Chupa za maji."

"Maji unayafungia kufuli?"

Akanieleza taratibu. Zahanati ya hifadhini ilikuwa ikipoteza chanjo za watoto, maana barabara ile inaua kila friji inayopita. Muuguzi wa huko alikubali kukijaribu kifriji hiki: kifike na maji ndani, joto lisipite nyuzi nane, na kila saa iandikwe daftarini. Kikifaulu, anakichukua. Baridi alikuwa amekihangaikia miaka miwili, na hakuna mwingine aliyekuwa tayari hata kukitazama.

Maelezo mazuri. Mazuri mno. Mwongo wa kawaida hukupa maneno matatu, huyu alinipa na daftari.

Kila saa alisimamisha gari. "Shukeni mnyooshe miguu. Nataka kuisikiliza mota, na nyinyi mnaongea sana." Akavuta pazia.

"Nyama," Mwalimu akaninong'oneza barabarani. "Anakula peke yake. Umeona anavyopangusa mdomo akitoka?"

Mimi nilishikilia kuwa ni madini. Nikampigia dada simu. Kabla sijamaliza salamu akasema, "Kaka, usiguse kitu cha mume wangu." Sasa nani alimwambia nataka kugusa?

Siku ya pili asubuhi, mlima ukiwa mbele yetu na ukungu kiunoni, Baridi alishuka kijitoni kunawa. Shati akalitundika kwenye kioo cha gari, na ufunguo pamoja nalo. Nikamweka Mwalimu mlangoni, nikafungua.

Chupa. Nikazitoa moja moja nikitafuta sakafu ya uongo. Nikaonja. Maji.

"Onja nyingine," Mwalimu akasema.

Tulionja nne.

Baridi aliporudi, povu la sabuni bado sikioni, namba iliyo nje ya kifriji, ya kipimajoto kilichomo kwenye glasi ya maji ndani, ilisema kumi na moja. Akatutazama, akakaa kwenye ngazi ya gari. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Miaka miwili," akasema.

"Andika tano, shemeji. Nani amekuona?"

"Nikiandika tano, nitakuwa nadanganya kama zile friji."

Akaandika kumi na moja, na pembeni: *shemeji amefungua*. Safari yote iliyobaki hakutuambia tunyooshe miguu. Alisimama, akaandika, akaendesha.

Muuguzi alikuwa mama mwenye miwani ya kamba. Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, Baridi amesimama mbele yake mikono nyuma. Kidole cha mama kikakwama.

"Shemeji ndiye nani?"

Nikanyoosha mkono.

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nyama," Mwalimu akanijibia, msaliti yule.

"Hapa kwangu watu hufungua friji kutafuta soda," mama akasema bila kucheka. "Nawafukuza, wanarudi." Akafunua ukurasa uliofuata. "Saa moja baadaye ilikuwa tano? Kwa barabara ile?"

"Ndiyo, mama."

"Friji zangu zikifunguliwa hazirudi chini hadi kesho." Akafunga daftari. "Kiache mwezi mmoja nikiangalie. Na kufuli lake."

Baridi akavua ufunguo shingoni, akampa. Hata dada hajawahi kuushika.

Kwa hiyo wa kushukuriwa ni nani? Bila mimi daftari lingesema tano, tano, tano, na mama angejua limepikwa. Nilijua ninachofanya. Niliufungua mlango ule kitaalamu, nusu dakika tu, huku nahesabu moyoni na jicho langu kwenye kipima—

"Nusu dakika?" Baridi yuko begani mwangu, anasoma, penseli sikioni. "Shemeji, maji ya glasi hayapandi nyuzi sita kwa nusu dakika. Lete hiyo karatasi."