Tandu Ndani ya Godoro la Jean-Berchmans

Mume wangu Jean-Berchmans hana shamba, ana mdomo. Asubuhi huenda mpakani Kavimvira, akasimama kati ya mwenye mzigo na mtu wa forodha, akamsifia kila mmoja kwa mwenzake mpaka mzigo unapita. Mimi pia alinipata hivyo. Nilikuwa ninapanda mpunga kwetu Bwegera, akaanza kuongea pembeni ya shamba, na alipomaliza alikuwa amesimama matopeni na viatu vyake vya ngozi, hana habari.

Matofali ya nyumba yetu niliyafyatua mimi. Yeye aliyasifia. Nyumba ilipopata sakafu ya simenti akamleta Claire, mke mdogo, akanihamishia jikoni, kile kibanda cha nyuma. Aliniambia moshi unafaa kwa kifua changu. Kifua changu hakikuwa na shida yoyote.

Kwetu kitanda cha bibi arusi kinatandikwa godoro la majani makavu ya mpunga. Majani hayo lazima yaanikwe juani, yageuzwe, yapigwe kwa fimbo mpaka kila mdudu akimbie, ndipo yashonewe. Ni kazi ya mwanamke wa nyumba. Lakini Jean-Berchmans alisema mke mkubwa akigusa majani ya mke mdogo atatia dawa ndani. Akayaleta mwenyewe kutoka Sange juu ya pikipiki, mvua ikamnyeshea njia nzima, kisha akayaficha nyuma ya mlango ili hata macho yangu yasiyafikie. Msimu wote wa mvua yalikaa pale, yakapata joto na ukungu. Mwisho akayashona vilevile kwa sindano ya magunia, akapiga mluzi wa furaha.

Tandu anataka nini kingine? Ngozi yake haishiki maji, jua kidogo tu linamkausha. Hutafuta giza na unyevu, na akikuta mende wametangulia, amefika kwenye karamu.

Mchana mmoja Jean-Berchmans alikula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, akajilaza kifudifudi. Tandu akatoka kwenye mshono, mkubwa wa kahawia mwenye miguu ya njano, akamuuma mdomo wa juu. Watu huogopa mkia wa tandu, kumbe ule mkia ni miguu ya nyuma tu. Sumu iko mbele, chini ya kichwa, kwenye miguu miwili iliyopinda kama koleo. Mtu mzima ni nadra kufa kwa sumu hiyo, ila anaweza kutamani afe. Mdomo ukavimba kama mandazi kwenye mafuta. Hakuna neno lililopita.

Claire akatoka nje akitangaza kwamba nimetuma tandu. Ushahidi wake ulikuwa kwamba mimi sijaumwa. Wakamwita Célestine, dada mkubwa wa Jean-Berchmans, ambaye kwao akisema jambo limeisha. Ningeonekana mchawi, ningerudishwa Bwegera na sufuria yangu, kwa kaka zangu ambao walikwisha kugawana chumba changu.

Célestine alikaa uani. Majirani nao wakaja, kila mmoja amekuja kuomba chumvi.

"Sema, Jean-Berchmans," Célestine akaanza.

"Mmbh."

"Anasema alimuona Mama Espoir akizunguka dirishani mara nyingi, ameshika kitu," Claire akafasiri, akininyoshea kidole.

"Yote hayo ndani ya mmbh moja?" Célestine akamtazama. "Na weye, Mama Espoir?"

"Minye sijui kuloga, wifi. Ningejua, ningeanza zamani."

Jirani mmoja akakohoa ili asicheke.

"Dawa iko ndani ya matela," Claire akasema. "Tulipasue, muntu yote aone."

Wakaliburuta godoro mpaka uani. Célestine akalipasua kwa kisu cha mihogo. Kwanza ilitoka harufu, halafu mende. Halafu tandu wadogo wekundu, wembamba kama uzi, wale wa udongoni. Mwingine wa miguu mirefu kama nywele alitimka hata jicho halikumfuata, akaingia ndani ya suruali ya Jean-Berchmans, naye akacheza vizuri kuliko siku ya arusi yetu. Dawa haikutoka.

Katikati kabisa, ndani ya majani yaliyooza, alilala tandu mama. Alikuwa amejikunja kuzunguka mayai yake, anayalamba moja moja yasipate ukungu. Sisi wote tulikuwa tumemwinamia na hakuyaacha. Claire akamchokoa kwa kijiti. Akachokoa tena. Tandu akaanza kuyala mayai yake.

"Ukimsumbua sana anafanya hivyo," nikasema.

"Majani haya aliyaanika nani?" Célestine akauliza.

"Mmbh," akajibu Jean-Berchmans, macho chini.

"Hiyo nimeielewa bila Claire. Hayakuanikwa. Uliyaficha mabichi ili mke wako asiyaguse, halafu unaniita kutoka Sange kuja kuhukumu ukungu. Mama Espoir habanduki hapa."

Claire akasema yeye katika chumba kile halali tena, hata wakitandika godoro la dukani.

"Basi jiko liko," Célestine akasema, akaomba maji ya kunywa.

Jioni hiyohiyo nikavirudisha vitu vyangu chumbani. Majani yangu niliyaanika mbele ya macho ya watu, nikayapiga mpaka mkono ukauma. Sasa ninalala juu ya simenti yangu.

Mdomo wa Jean-Berchmans umepona. Huko Kavimvira anasimulia jinsi alivyopigana na nyoka. Yeye na Claire wanalala jikoni, kando ya mtungi wa maji, ambapo ardhi haikauki mwaka mzima na mende ni wengi. Hawajaniuliza kwa nini nilipokuwa kule nilikuwa nikilala juu ya meza.